Darubini janja yaleta nyota za mbali hadi uani, lakini giza halinunuliwi

KWA karne nyingi, mtu aliyetaka kuyaona maajabu yaliyofichika nyuma ya nyota za kawaida alihitaji kuwa na mali, mahali penye giza totoro na miaka mingi ya kujifunza. Siku hizi, kifaa kinachoenea katika mkoba wa mwanafunzi huwekwa uani, kikaunganishwa na simu ya mkononi, na baada ya dakika chache picha ya wingu la gesi lililo mbali mno ikaanza kujichora kwenye kioo cha simu.

Kifaa hicho ndicho kinachoitwa darubini janja, kwa kufuata mfano wa simu janja. Ndani ya umbo moja lenye uzito wa kilo mbili au tatu hivi, mtengenezaji amefungia lenzi, kamera, tarakilishi ndogo, betri na mota za kuizungusha darubini. Nyingi hazina hata tundu la kuchungulia. Mtazamaji huona kila kitu kupitia simu.

Wauzaji hupenda kudai kuwa kazi yote hufanywa na mashine. Dai hilo ni la kweli nusu. Mashine imeondoa kazi ngumu ya mkono, lakini haijaondoa haja ya mambo mawili ambayo hayauzwi dukani: giza na subira.

Mnunuzi asiyeitambua tofauti hiyo huenda akatumia makumi ya maelfu ya shilingi, akajaribu usiku mmoja au miwili, kisha akakiacha kifaa hicho kabatini kikila vumbi. Ndiyo maana ni muhimu kuelewa jinsi darubini hizi zinavyofanya kazi kabla ya kufungua mkoba.

Jicho husahau, kamera hukumbuka

Gizani, mboni ya jicho la binadamu hupanuka hadi kufikia upana wa milimita saba hivi. Lenzi yenye upana wa milimita 50, ambayo ni ya kawaida katika darubini janja ndogo, hukusanya mwanga mara 50 zaidi ya mboni hiyo. Hiyo ni faida kubwa, ila siyo siri yenyewe.

Siri iko katika muda. Jicho halihifadhi mwanga. Hupokea kidogo, likapeleka habari kwa ubongo, kisha likaanza upya kwa muda ulio mfupi kuliko sekunde moja. Mtu anaweza kuikodolea macho sehemu moja ya anga usiku kucha na asione zaidi ya alichokiona mwanzoni, mara tu macho yalipozoea giza.

Kamera kwa upande wake huweka akiba. Kila chembe ya mwanga inayoingia huongezwa juu ya zile zilizotangulia, hadi kitu kilichokuwa hafifu kabisa kikajitokeza.

Jambo hili lilifahamika zamani. Mnamo Septemba 30, 1880, daktari Mmarekani aliyeitwa Henry Draper aliipiga picha Nebula ya Orion kutoka katika kituo chake cha kutazamia nyota huko Hastings-on-Hudson, karibu na jiji la New York. Nebula ni wingu la gesi na vumbi angani, na hilo lilikuwa la kwanza kuwahi kupigwa picha.

Draper alitumia darubini yenye lenzi ya upana wa sentimita 28, akaiacha sahani yake ya kioo ipokee mwanga kwa dakika 51. Muda wote huo mitambo ya saa iliisukuma darubini hiyo polepole ili ifuatane na mwendo wa anga. Alichopata ni picha isiyokuwa na rangi, iliyoonyesha tu sehemu zilizong'aa zaidi za wingu hilo.

Leo lenzi ya sentimita tano hutoa picha bora zaidi kwa muda mfupi zaidi. Sababu ya kwanza ni kwamba sahani za kemikali za enzi hizo zilinasa sehemu ndogo sana ya mwanga uliozifikia, ilhali vipokea-mwanga vya dijitali vilivyomo katika kamera za kisasa hunasa zaidi ya nusu yake. Sababu ya pili ni hesabu.

Haba na haba hujaza kibaba

Darubini janja haipigi picha moja ndefu. Hupiga picha nyingi fupi, kwa kawaida za sekunde 10, 20 au 30 kila moja, kisha tarakilishi iliyo ndani yake huzipanga moja juu ya nyingine na kuzijumlisha.

Picha moja ya sekunde 10 haipendezi. Huwa imejaa chengachenga, mfano wa zile za televisheni isiyonasa mawimbi vizuri, na kitu kinachotafutwa huonekana kama kivuli tu.

Hata hivyo, mwanga wa nyota huanguka mahali pale pale katika kila picha, ilhali chengachenga huruka ovyo, mara hapa mara pale. Picha zinapojumlishwa, mwanga wa kweli hujikusanya na chengachenga hupunguzana zenyewe kwa zenyewe.

Hesabu yake ni nyepesi, na ni vyema kila mwenye darubini aikariri. Ubora wa picha hupanda kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha zilizojumlishwa. Picha 100 hutoa matokeo bora mara 10 kuliko picha moja. Ili kuupata ubora maradufu ya huo, picha 200 hazitoshi, zinahitajika 400.

Kwa maneno mengine, ili ubora uongezeke maradufu, muda sharti uongezwe mara nne. Aliyekaa dakika 15 na kuridhika kiasi atahitaji saa nzima ili aone tofauti ya maana, na saa nne ili aione tena. Hapa ndipo wengi hushindwa. Huona picha ikichomoza katika dakika tano za kwanza, wakafurahi, wakahamia kitu kingine, na mwishowe wakawa na picha 20 zisizokuwa na ubora badala ya moja ya kujivunia.

Wenye uzoefu hufanya kinyume. Huchagua kitu kimoja kwa usiku mmoja, wakaiacha darubini ikifanya kazi huku wao wakila chajio, na aghalabu hukirudia kitu hicho hicho usiku unaofuata.

Utaratibu huu una manufaa mengine. Setilaiti na ndege zinazokatiza mbele ya lenzi huacha mistari kwenye picha. Kwa kuwa mstari huo huwa katika picha moja tu kati ya mamia, programu huitambua picha hiyo na kuitupa, na hasara huwa ni ya sekunde chache.

Ramani ya nyota kichwani mwa mashine

Zamani kazi iliyowakatisha tamaa wanaoanza ilikuwa kukipata kitu chenyewe angani. Darubini iliyokosea kwa nyuzi moja tu ilitazama mahali pengine kabisa.

Darubini janja hulitatua tatizo hili bila ya kumsumbua mtu. Hupiga picha ya sehemu yoyote ya anga, ikapima jinsi nyota zilivyopangana, kisha ikaulinganisha mpangilio huo na orodha ya nyota iliyohifadhiwa ndani yake. Kwa sekunde chache hujua hasa inatazama wapi, ikajisogeza hadi mahali panapotakiwa, ikapiga picha nyingine kuhakikisha, na kujirekebisha.

Kinachobakia kwa binadamu ni kidogo lakini ni cha lazima. Stendi ya miguu mitatu iwekwe mahali palipo imara na pasipotikisika, na isawazishwe vizuri. Zege au udongo mgumu hufaa. Roshani ya mbao na paa la mabati havifai. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, umande unaweza kuifunika lenzi, na hivyo kipasha joto kilichomo ndani sharti kiwashwe mapema hata kama kinamaliza betri.

Bei imeshuka, ila si mtelemko

Kampuni zilizoanza kuvitangaza vifaa hivi zilikuwa za Ufaransa. Unistellar, yenye makao yake jijini Marseille, ilichangisha pesa mtandaoni mnamo 2017 ili kutengeneza darubini yenye kioo cha upana wa milimita 114. Vaonis, kampuni ya eneo la Montpellier, ilifuata na darubini yake iliyoitwa Stellina. Bei zilikuwa za maelfu ya dola, nje kabisa ya uwezo wa familia ya kawaida.

Mambo yalibadilika kampuni za Uchina zilipoingia sokoni. ZWO ya jiji la Suzhou, iliyokuwa ikijulikana kwa kamera za kupigia nyota picha, ilitoa Seestar S50 mnamo 2023. Lenzi yake ni ya milimita 50 na bei yake ilikuwa chini ya dola 600. Ndugu yake mdogo, Seestar S30, ana lenzi ya milimita 30 na uzito usiofika kilo mbili. DwarfLab, kampuni nyingine ya Uchina, ilitoa Dwarf 3 yenye lenzi ya milimita 35 mnamo 2024.

Dola 550 ni zaidi ya Sh70,000, kabla ya gharama za usafirishaji na ushuru. Hiyo si pesa ndogo kwa Mkenya wa kawaida. Ni vyema basi mnunuzi ajue mapema kile ambacho pesa hizo hazitamletea.

Kitu cha kwanza ni sayari. Wengi wanaposikia darubini hufikiria pete za Zohali na mistari ya Mshtarii. Darubini janja ndogo zimeundwa kutazama sehemu pana ya anga, wala si kukuza vitu vidogo. Katika darubini yenye umbali wa fokasi wa milimita 250, kama Seestar S50, Mshtarii hutokea kama kiduara chenye upana wa pikseli 20 hivi tu. Miezi yake minne mikubwa itaonekana, lakini mistari yake itakuwa hafifu mno. Anayetamani sayari atapata faida zaidi kutoka kwa darubini ya kawaida ya kuchungulia kwa jicho.

Mwezi na jua ni hadithi tofauti. Vyote viwili huonekana angani kwa upana wa takriban nusu nyuzi, na hivyo huenea barabara ndani ya fremu. Mashimo na milima ya mwezi hutokea kwa namna ya kuvutia hata katikati ya jiji.

Lakini jua halitazamwi bila kichujio maalumu kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, na kichujio hicho huwekwa mbele ya lenzi kabla ya darubini kugeuzwa upande wa jua. Asiyetii hilo ataiunguza kamera kwa sekunde chache. Hatari ni kubwa zaidi kwa darubini ya kuchungulia, ambapo kinachoungua ni jicho, na jicho lililoungua halina dawa.

Onyo hili lina uzito kwa sababu Agosti 2, 2027 jua litapatwa kikamilifu katika ukanda unaopita Misri, Saudia, Yemen na Somalia, na Wakenya watalishuhudia likipatwa kwa sehemu. Jua linalopatwa kwa sehemu huunguza kama kawaida. Novemba 3, 2013, waliokuwa Turkana walibahatika kuliona likifunikwa lote kwa sekunde chache tu. Mara hii hakuna sehemu ya Kenya itakayopata bahati hiyo, na kwa hivyo hakuna wakati ambapo kichujio kitaweza kuondolewa.

Neema ya kuishi kwenye Ikweta

Vitabu na maelezo mengi kuhusu darubini hizi huandikwa na watu wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, na mawaidha yao hayamfai Mkenya moja kwa moja. Anga ya hapa ni tofauti, na kwa sehemu kubwa ni bora zaidi.

Mkazi wa London hawezi kamwe kukiona Omega Centauri, kishada cha nyota zipatazo milioni 10 kilicho upande wa kusini. Mkazi wa Sydney hukiona, ila huiona galaksi ya Andromeda ikiwa chini karibu na upeo wa macho. Mkazi wa Nairobi, Eldoret au Mombasa huviona vyote viwili vikiwa juu vizuri, kila kimoja kwa msimu wake.

Kati ya Oktoba na Desemba, Andromeda huwa upande wa kaskazini jioni. Mwanga wake umesafiri kwa miaka milioni 2.5 ndipo ukafika duniani. Mnamo Januari na Februari, ambapo mvua huwa imepungua sehemu nyingi za nchi, zamu huwa ya Nebula ya Orion, iliyo umbali wa miaka 1,300 hivi ya mwanga. Machi hadi Mei ni wakati wa Nebula ya Carina upande wa kusini, iwapo masika yatatoa nafasi. Omega Centauri hung'aa jioni za Mei na Juni.

Kuna pia Kilimia, kishada ambacho wakulima na mabaharia wa pwani walikitumia kujua misimu, na ambacho jina lake lenyewe limetokana na kulima. Kwa jicho la kawaida ni nyota sita au saba zilizosongamana. Darubini janja ikipewa saa moja au mbili huonyesha utando wa vumbi la rangi ya samawati uliozizunguka, kitu ambacho wahenga hawakuweza kukiona.

Kilimia kiko umbali wa takriban miaka 440 ya mwanga. Maana yake ni kwamba mwanga unaonaswa leo uliondoka huko katika kipindi ambacho Wareno walikuwa wakiipigania Mombasa, kabla ya kuanza kujenga Fort Jesus mnamo 1593.

Pamoja na neema hiyo, Ikweta ina mtego wake. Darubini ndogo hufuata nyota kwa kujisogeza juu na chini, kushoto na kulia. Anga nayo huzunguka, na kwa sababu hiyo picha hujipinda kidogo kidogo ndani ya fremu. Tarakilishi huinyoosha kila picha kabla ya kuijumlisha, lakini pembe hupotea na nyota za kandoni huweza kuvutika.

Mpindo huo huwa mbaya zaidi kitu kinapokaribia utosi wa anga, na nchini Kenya vitu vingi mashuhuri hupita karibu na utosi. Nebula ya Orion ni mfano mzuri. Inapokuwa juu kabisa ya kichwa, picha yake hujipinda kwa nyuzi tatu au zaidi kila dakika. Ilhali ikiwa nusu ya njia upande wa mashariki, mpindo wake ni wa nyuzi chache tu kwa saa nzima.

Ushauri wa vitabu vya ng'ambo ni kusubiri hadi kitu kifike juu kabisa. Kwa Mkenya, ushauri ufaao ni kinyume chake: vitu vinavyopita utosini vipigwe vikiwa vinapanda mashariki au vinashuka magharibi. Kwa Nebula ya Orion katikati ya Januari, muda unaofaa ni kati ya saa mbili na saa tatu usiku, kisha tena baada ya saa sita.

Giza ndilo mtaji

Hakuna lenzi inayoweza kulishinda anga lililojaa mwanga wa taa. Mwanga wa jiji huruka juu, ukagonga vumbi na unyevu, ukarudi chini kama ukungu mweupe. Kamera huukusanya ukungu huo pamoja na mwanga wa nyota, bila kubagua.

Mnamo 2001, Mmarekani John Bortle alitoa kipimo cha ngazi tisa cha kupimia giza la usiku. Ngazi ya kwanza ni giza kamili, na ya tisa ni katikati ya jiji. Mkazi wa mtaa wenye taa nyingi anaweza kufidia kwa muda mrefu zaidi, lakini kuna vitu hafifu ambavyo hata usiku mzima hautavifichua.

Darubini nyingi janja zina kichujio kinachopitisha rangi mbili tu, nyekundu ya haidrojeni na kijani-samawati ya oksijeni, kisha kikazuia sehemu kubwa ya mwanga wa taa. Kichujio hiki ni msaada mkubwa kwa nebula zinazong'aa zenyewe, kama zile za Orion na Carina. Hakisaidii sana kwa galaksi na vishada vya nyota, ambavyo mwanga wao ni wa rangi zote kama ule wa taa. Hivyo basi, mkazi wa jiji na apige nebula nyumbani, na galaksi aziweke hadi siku ya safari.

Mwezi pia ni taa. Anayeifuata kalenda ya Kiislamu ana wepesi hapa: siku za mwisho na za mwanzo wa mwezi ndizo za giza, na zile zinazoukaribia usiku wa kumi na nne ni za kuutazama mwezi wenyewe.

Mbali na miji, Kenya ingali na hazina ya giza ambayo nchi nyingi tajiri zimeipoteza. Chalbi, Turkana, Samburu na Magadi ni mahali ambapo Njia ya Maziwa huonekana kwa macho kama moshi uliotanda kutoka upeo hadi upeo.

Hazina hiyo inaweza kupotea. Taa kubwa za mulika mwizi zimewapa wakazi wa mitaa mingi usalama, na hakuna anayeweza kuwaambia wazizime ili mtu apige picha za nyota. Hata hivyo, taa iliyofunikwa juu na kuelekezwa chini humulika njia vyema zaidi na haipotezi umeme kwa kuangaza mawingu. Usalama na giza la anga si mahasimu. Kinachovigombanisha ni taa zilizofungwa vibaya.

Je, picha hizo ni za kweli?

Wapo wanaoshuku rangi nyekundu na samawati za picha hizi, kwa kuwa aliyechungulia kwenye darubini ya kawaida huona wingu la kijivu. Ukweli ni kwamba rangi zipo. Jicho ndilo lisiloweza kuzitambua katika mwanga hafifu, kama vile nguo nyekundu inavyoonekana nyeusi gizani.

Jambo la kuangaliwa ni lingine. Baadhi ya programu za kusafisha picha hutumia akili bandia kuondoa chengachenga, na zikizidishwa huweza kuchora vijinyuzi ambavyo havipo angani. Ni busara kuhifadhi picha halisi ambazo hazijaguswa, ili palipo na shaka pawepo na ushahidi.

Nairobi ilivyoshuhudia mgongano wa angani

Ushahidi huo una thamani kuliko inavyodhaniwa. Septemba 26, 2022, Shirika la Anga za Juu la Marekani (NASA) lilikigongesha makusudi chombo chake cha DART kwenye Dimorphos, jiwe la angani lenye upana wa mita 160 hivi. Lengo lilikuwa kujaribu kama binadamu anaweza kulisukuma kando jiwe linaloelekea kuigonga dunia.

Mgongano ulitokea umbali wa kilomita milioni 11 kutoka duniani. Nchini Kenya ilikuwa saa nane na dakika 14 usiku wa kuamkia Septemba 27, na eneo la Bahari ya Hindi lilikuwa miongoni mwa sehemu ambazo tukio hilo lingeweza kutazamwa moja kwa moja.

Miongoni mwa walioushuhudia ni watumiaji wa darubini janja za Unistellar: tatu katika kisiwa cha Réunion na moja jijini Nairobi. Vipimo vyao, pamoja na vya wenzao waliofuatilia kwa majuma kadhaa, viliingia katika utafiti uliochapishwa na jarida la Nature mnamo 2023. Utafiti huo ulionyesha jinsi mwangaza ulivyopanda ghafla vumbi liliporuka, kisha ukarejea katika hali yake ya awali baada ya siku 24 hivi.

NASA ilithibitisha kuwa muda ambao Dimorphos hutumia kulizunguka jiwe kubwa lililo karibu nalo, Didymos, ulipungua kwa zaidi ya nusu saa. Jaribio lilikuwa limefaulu, na darubini ya kubebeka iliyokuwa Nairobi ilikuwa na sehemu yake katika kumbukumbu hiyo.

Huo ndio uzito wa vifaa hivi kwa nchi isiyokuwa na darubini kubwa za utafiti. Mahali Kenya ilipo duniani hapawezi kununuliwa na taifa jingine. Nyota ikilipuka au jiwe likipita usiku wakati Ulaya ingali katika jua la magharibi na Marekani ni mchana, mtu aliye uani kwake Nakuru anaweza kuwa miongoni mwa wachache wanaotazama.

Si lazima kila mtu anunue yake. Shirika la Travelling Telescope, lililoanzishwa na Susan Murabana na Daniel Chu Owen, limekuwa likizipelekea shule darubini ili wanafunzi watazame kwa zamu. Darubini janja inafaa zaidi kwa kazi ya namna hiyo, kwani picha inayojengeka kwenye kioo kimoja huonwa na darasa zima kwa pamoja. Shule mbili au tatu jirani, au chama cha vijana, wanaweza kuchanga na kuimiliki moja.

Anayeianza safari hii leo na achague kitu kimoja, usiku usiokuwa na mwezi, mahali palipo mbali na taa kadiri awezavyo, na aiache darubini kwa saa mbili bila kuigusa. Akiona picha imekuwa bora kuliko ilivyokuwa katika dakika tano za kwanza, atakuwa ameupata msingi wa kazi nzima. Mengine yote ni kurudia.